Karatasi ya Kijerumani kwenye sanduku la bibi? Usikimbilie kuiuza

MPANDA. Mzazi, ukifungua sanduku la bibi ukakuta karatasi kuukuu ya Kijerumani yenye neno "Freibrief", usiitupe. Hiyo ni hati ya uhuru, iliyotolewa na serikali ya Wajerumani kwa mtumwa aliyeachiwa au kukombolewa.

Angalia mambo manne: jina la aliyeachiwa, tarehe, sahihi ya ofisa na mhuri wa kituo, kama Ujiji au Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Mwaka 1922 Waingereza walifuta utumwa Tanganyika kwa sheria, na hati hizo hazikuhitajika tena.

Thamani yake? Mnunuzi atataja bei. Lakini kwa watoto wako, huenda hiyo ndiyo karatasi pekee yenye jina la babu wa babu yao.

Zipo familia zinazoona aibu kusema zimetokana na watumwa. Katavi ina jibu. Adriano Atiman alitekwa akiwa mtoto Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa, akasomea udaktari Malta. Tangu 1889 alitibu wagonjwa Karema hadi uzeeni, na huko anakumbukwa kwa heshima.

Hati yenyewe ishike kwa mikono safi, mikavu. Usiipige laminesheni wala kuibandika selotepu. Ipige picha pande zote mbili, iweke kwenye bahasha mahali pakavu, kisha wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Ila anza na mzee wa familia. Muulize, uandike anachokumbuka. Karatasi inaweza kusubiri, yeye umri umekwenda.