Jasho Lamwagika, Mizani Yapanda

Katika kila kikosi hakukosekani askari wa namna hii. Wiki tatu kabla ya siku ya kupimwa afya ameacha chakula cha usiku, amepunguza posho sahanini, na kila alfajiri, kabla ya filimbi kulia, yumo barabarani akikimbia kilomita 5. Siku inapowadia anapanda mizani akitumaini kusifiwa. La hasha! Mshale unasimama kilo 2 juu ya pale ulipokuwa. Wenzake wanacheka, na mkubwa wake anadhani amekuwa akila kwa siri. Naye kwa uchungu anaazimia kukimbia mchana juani, amevaa koti la mvua, bila kunywa maji.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili, kwa kuwa uamuzi huo wa mwisho unaweza kumwua mtu, ilhali zile kilo 2 huenda si mafuta hata kidogo.

Mizani haijui kupambanua. Hupima mifupa, misuli, maji, mafuta na chakula kilichomo tumboni, kisha hutoa hesabu moja. Mtu aliyeanza mazoezi makali baada ya kustarehe kwa muda, misuli yake huumia kidogo kidogo, na mwili hupeleka maji mahali hapo ili kuponya. Ndiyo sababu miguu hukaza na kuuma siku ya pili. Tena misuli inayofanyishwa kazi hujiwekea akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hukaa pamoja na maji yapatayo gramu 3. Akiba ikiongezeka kwa gramu 300 tu, mizani huonyesha zaidi ya kilo 1. Chumvi nayo haiko nyuma: gramu 9 za chumvi zikibaki mwilini huzuia maji yapatayo lita 1. Aliyekula samaki wa chumvi jana jioni asishangae asubuhi.

Basi yule wa koti la mvua anapoteza nini? Maji matupu, ambayo yatarudi mara atakapokunywa. Lakini kabla hayajarudi, joto la mwili laweza kupanda hata akachanganyikiwa, akaanguka na degedege, figo zikaharibika, akafa. Wapo vijana wenye nguvu waliokwisha kufa hivyo mazoezini, katika majeshi mbalimbali duniani.

Kuna njia nyepesi ya kupata ukweli, nayo ni utepe wa fundi cherehani. Kiuno kipimwe usawa wa kitovu, asubuhi, mara moja kwa wiki. Kilo zikipanda nacho kiuno kikipungua, mtu huyo yuko katika njia njema na hana haja ya kujitesa. Kiuno kikizidi kupanuka, hapo kuna jambo jingine, nasi hatuna budi kusema waziwazi hata kama litaudhi.

Mbio hazili mafuta kwa kiasi watu wanachodhani. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori 350 hivi. Kikombe kikubwa cha chai chenye vijiko 4 vya sukari huleta kalori 80 za sukari peke yake; vikombe 4 kwa siku, na mbio zote za alfajiri karibu zimelipwa. Chupa mbili za bia jioni zitazidisha deni. Wala askari wetu hakusema uongo alipodai kwamba amepunguza chakula, maana kwa desturi yetu chai na bia havihesabiwi kuwa chakula.

Mwaka 2012 wataalamu, akiwamo Herman Pontzer wa Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu ambao huwinda, huchimba mizizi na hutembea mno kila siku. Ilitarajiwa kwamba wangetumia nguvu nyingi kupita watu wa mijini wa Ulaya na Marekani. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, walitumia sawasawa! Yaonekana mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Mazoezi hulinda moyo, hujenga misuli na kumfanya askari aifae kazi yake; hayo yatosha kuyadumisha. Lakini kiuno huamuliwa zaidi na sahani na kikombe.

Je, dawa ni kujinyima kabisa? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1945 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 nusu njaa kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, miguu ikavimba maji, na wakawa hawawazi jingine ila chakula. Waliporuhusiwa kula tena, mafuta yalirudi upesi kuliko misuli, na mwishowe walikuwa na mafuta mengi kuliko walivyokuwa mwanzo. Ajabu ni kwamba wanaume hao walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri. Somo hili linalowafaa sana askari tumelipata kwa watu waliokataa kuwa askari.

Wenye zamu za usiku wana mzigo wa ziada. Asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta, na chapati za kantini haziko mbali.

Hata hivyo kuna wanaokula kwa kiasi, wakafanya mazoezi, na bado wakanenepa bila kosa lao. Vidonge vya prednisolone vikitumiwa muda mrefu hujaza uso na tumbo. Tezi iliyo mbele ya shingo ikilegea, mtu huongezeka kilo kadhaa, husikia baridi, huchoka, hufunga choo, na ngozi hukauka. Dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyoenea katika nchi zetu, imeonekana kuwaongezea uzito baadhi ya watumiaji, wanawake zaidi kuliko wanaume. Hayo yalidhihirika katika majaribio ya Afrika Kusini na Kamerun yaliyotangazwa mwaka 2019. Tunajua wapo makambini walioanza kuruka vidonge kimyakimya wasichekwe kwa unene. Wasiache! Virusi vitaamka, navyo ni adui mbaya kupita kitambi. Wamweleze daktari faraghani, naye atajua la kufanya.

Na anayeongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, miguu ikavimba na pumzi ikakatika akilala chali, asingoje siku ya kupimwa wala asiende mbioni. Moyo au figo zake huenda zimeshindwa kazi. Aombe ruhusa afike hospitali siku hiyo hiyo, na mkubwa wake asimzuie.