Shusha gari, usishushe akili!

Wiki hii tuyaweke mapenzi pembeni kidogo, tuongelee ugonjwa mwingine unaotusumbua vijana wa mjini: ugonjwa wa kushusha gari.

Wenyewe mnajua. Mtu akishanunua mkoko wake, hata nailoni za siti hazijatoka, tayari yuko gereji anataka tairi ziingie ndani ya fenda. Simcheki mtu, maana na mimi nimo. Gari likilala chini linapendeza bwana! Unapita taratibu, kiwiko dirishani, watu wanageuza shingo. Raha tupu. Tatizo ni moja: unashusha kiasi gani?

Mimi somo nililipata kwa mshkaji wangu. Jamaa aliuza viatu vya mtumba miaka miwili, kwa jua na kwa mvua, mpaka akanunua Corolla. Wiki ya kwanza tu akalipeleka kwa fundi mmoja wa uchochoroni. Fundi akamwambia, "Springi mpya za nini, bosi? Tunakata mizunguko miwili, saa moja unaondoka." Na kweli, saa moja akaondoka. Gari likatoka bomba! Hata vidole viwili havipiti kati ya tairi na fenda.

Jumapili tukajazana watano, boksi la barafu kwenye buti, safari ya Kigamboni. Pale Magogoni kwenye pantoni ndipo kasheshe ilipoanza. Tairi za mbele zikapanda, tumbo la gari likabaki kwenye ukingo wa mlango wa pantoni. Krrrr! Nyuma foleni inapiga honi, abiria wanacheka, na wale masista duu tuliokuwa tunawauzia sura sasa wanatuonea huruma. Tukashuka wote, gari likanyanyuka, likapita. Tukajua yameisha.

Kumbe sampu ilishapata ufa. Oili ikawa inavuja kidogo kidogo, sisi na muziki wetu. Taa nyekundu ya oili ilipowaka, jamaa akasema, "Hizo ni waya tu." Mbele kidogo injini ikaanza kugonga, kisha ikanyamaza kabisa. Miaka miwili ya viatu vya mtumba ikaishia pembeni ya barabara. Mshkaji alikaa juu ya boksi la barafu, hasemi kitu.

Basi zamu yangu ilipofika niliamua kuuliza kwanza. Nasema zamu yangu, ila ukweli gari ni la nyumbani, maana mama ndiye aliyeongezea hela. Nikamfuata fundi mmoja mzee pale Ilala.

"Mwanangu," akaniambia, "springi ukiikata haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia. Mizunguko ikipungua, ugumu unaongezeka. Kila shimo utalisikia mgongoni." Akaendelea kunipa darasa: springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Wanaoichoma kwa moto ili ilale ndio wanaharibu zaidi, kwa sababu chuma kinapoteza nguvu yake na gari linaendelea kushuka bila kuulizwa. Shokapu nazo zilitengenezwa kwa urefu fulani. Ukishusha sana, zinabakiwa na nafasi ndogo ya kucheza, zinagonga chini kila mara, hazidumu.

Akanishauri ninunue springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yangu. Nyingi za namna hiyo hushusha kati ya sentimita 2.5 na 4. Wenye nazo wananunua shokapu zenye nyuzi na nati za kupandishia na kushushia, lakini hata hizo hazikuchagulii kimo. Kuchagua ni juu yako.

Halafu kuna tairi. Gari likishuka sana, tairi zinalala, juu zinaingia ndani, na hata mwelekeo wake unabadilika. Ukiziangalia kwa nje unaona mpya, kumbe ukingo wa ndani umeliwa mpaka nyuzi zinachungulia. Kwa hiyo ukishusha hata kidogo, nenda kapime alaimenti. Usisahau na taa: ukishusha mbele peke yake, mwanga unaangukia karibu, usiku unaendesha kwa kubahatisha.

Najua mtasema, mbona yale magari ya Wamarekani kwenye video yanalala mpaka chini? Haya, sikilizeni. Kule California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1958 ilikataza gari lililorekebishwa kuwa na sehemu yoyote iliyoshuka chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 jamaa mmoja, Ron Aguirre, akafunga haidroliki kwenye Corvette yake: akitaka chini linalala, akiona askari linanyanyuka. Mnaona? Hata wakongwe wa fani walitaka njia ya kurudi juu. Wewe uliyekata springi unarudi juu kwa njia gani?

Basi nikachukua futi. Gari likiwa tupu, kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa kulikuwa na sentimita 15. Nikaridhika. Halafu nikakumbuka Kigamboni. Nikaita nyumba nzima: mama mbele, wadogo zangu watatu nyuma, gunia la mchele kwenye buti. Nikapima tena: 11! Nne zimeliwa na watu na mchele, bado springi sijagusa. Nikishusha 5, nitabaki na kama 6, na tuta la mtaani kwetu walimwaga wenyeji wenyewe, halina adabu. Nikishusha 2.5, nabaki na kama 8 na nusu. Hapo napita, nikienda polepole.

Mama alikuwa bado amekaa ndani, ananiangalia na futi yangu. Akauliza, "Unataka lishuke zaidi ya hapa?"

"Kidogo tu, mama."

"Mimi kukaa nitakaa, mwanangu. Hata mkeka nakaa. Wa kuninyanyua kliniki na magoti haya ni nani?"

Nikafunga za 2.5, mbele na nyuma. Washkaji kijiweni wananicheka, eti, "Hiyo umeshusha au umepata pancha?" Poa tu. Tuta napita, na mama anashuka mwenyewe akifika kliniki. Yule mshkaji wa Corolla siku hizi anapanda daladala, anakusanya hela ya injini. Yeye hakucheka. Aliinama, akapitisha mkono chini ya bampa, akasema, "Hapa hapa, bro. Usiongeze."

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujampa fundi gari, lijaze kwanza watu wako, pima, halafu pita nalo njia unayorudia nyumbani. Fundi atakuuliza unataka lionekane vipi, lakini tuta halina habari na sura.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.