Je, kuandika "Xmas" ni kumfuta Kristo? Madai saba kwenye mizani

Kila Desemba inapoingia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye simu, katika makundi ya familia, ya kwaya na ya jumuiya: usiandike "Xmas", kwa maana X ni alama ya kufuta, na anayeiandika anamfuta Kristo katika sikukuu ya kuzaliwa kwake. Wanaousambaza hawana nia mbaya. Wengi wao wanaipenda imani yao na wanaumia wakidhani inachezewa. Upendo huo unastahili heshima, lakini imani haitetewi kwa habari zisizo sahihi. Isitoshe, habari hizi huacha majeraha: mtu ametuma salamu za heri kwa moyo mweupe, anajibiwa kwa kukemewa mbele ya ukoo mzima. Tuyapime basi madai haya moja baada ya jingine, tuone lipi ni kweli na lipi si kweli.

Dai la 1: X katika "Xmas" ni alama ya kufuta jina la Kristo

SI KWELI. Chanzo cha dhana hii si kigumu kukiona. Shuleni, X ya kalamu nyekundu ilimaanisha umekosa. Nchini Tanzania, nyumba iliyopigwa X ukutani imo ndani ya hifadhi ya barabara, na kila apitaye anajua siku zake zinahesabika. Jicho lililozoea X za namna hiyo haliwezi kulaumiwa likiona ubomoaji hata pasipo na ubomoaji.

X hii, hata hivyo, haikutoka huko. Ni herufi ya Kigiriki iitwayo khi, ya 22 kati ya herufi 24 za alfabeti hiyo, na sauti yake ya leo iko karibu na "kh" ya "kheri" inavyotamkwa na watu wa pwani. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na humo jina Kristo ni Χριστός, yaani Khristos. Herufi ya kwanza ya jina hilo ndiyo hiyo X. Sehemu ya pili, "mas", ni ufupi wa neno la Kiingereza lenye maana ya Misa. Ukiyaunganisha unapata Misa ya Kristo, maana ileile iliyomo katika neno refu la Kiingereza, "Christmas". Aliyeandika X hakumwondoa Kristo akaacha pengo. Ameandika herufi ya kwanza ya jina lake, kwa lugha ambayo Mathayo, Marko, Luka na Yohana waliandikia Injili zao.

Dai la 2: Kifupisho hiki kilibuniwa na wafanyabiashara na wasioamini wa siku hizi

SI KWELI. Tuanze na mwaka 312. Kabla ya vita vya Daraja la Milvio, karibu na Roma, Kaisari Konstantino aliagiza alama ya Kristo iwekwe kwenye zana za jeshi lake. Waandishi wawili Wakristo wa zama hizo, Laktansi na Eusebio, wanalisimulia tukio hilo kila mmoja kwa namna yake. Alama iliyopata umaarufu tangu wakati huo ni X na P zilizobebana, yaani khi na ro, herufi mbili za kwanza za Khristos. Kwenye medali ya fedha iliyotolewa mwaka 315, Konstantino anaonekana na alama hiyo kwenye kofia yake ya chuma. Ukiingia leo katika kanisa Katoliki au Anglikana, huenda ukaiona imedariziwa kwenye kanzula ya padre au kuchongwa kwenye altare: P ndefu iliyokatwa na X.

Huko Uingereza, katika kitabu cha matukio kiitwacho Anglo-Saxon Chronicle, kilichonakiliwa na wamonaki, jina la Krismasi limeandikwa kwa kuanza na XP badala ya neno Kristo kamili. Hayo yalifanyika zaidi ya miaka 900 iliyopita, ndani ya kuta za monasteri. Katika karne ya 16 maumbo ya Kiingereza yanayoanza na X yalikuwa yakionekana kwenye maandishi, na mwaka 1799 mshairi Samuel Taylor Coleridge, mwana wa kasisi wa Kianglikana, aliandika "Xmas" katika barua yake bila wasiwasi wowote. Matangazo ya maduka yalikuja baadaye sana. Wafanyabiashara walikikuta kifupisho hiki mikononi mwa Wakristo.

Dai la 3: Kufupisha jina takatifu ni kulidharau

SI KWELI, na historia inaonyesha kinyume chake kabisa.

Hati za kale kabisa za Agano Jipya tulizonazo ziliandikwa kwenye mafunjo, na baadaye kwenye ngozi. Katika hati hizo, yakiwemo mafunjo ya barua za Paulo ya takriban mwaka 200, wanakili walikuwa na desturi ya pekee. Maneno manne hasa hayakuandikwa kwa urefu: Mungu, Bwana, Yesu na Kristo. Kila moja lilifupishwa kwa herufi chache, kwa kawaida ya kwanza na ya mwisho, kisha juu yake ukachorwa mstari. Kristo, kwa mfano, aliandikwa kwa khi na sigma chini ya mstari huo. Desturi hiyo imo pia katika Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyohifadhiwa kwa karne nyingi katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Misri, na ambayo sehemu yake kubwa sasa iko katika Maktaba ya Uingereza, London.

Mtu anaweza kusema kwamba walikuwa wanabana wino na nafasi. Lakini maneno mengine marefu, ya mambo ya kawaida, yaliachwa jinsi yalivyo, huku jina fupi kama Yesu likifupishwa. Mwenye kubana nafasi hafanyi hivyo. Mwaka 1907 kilitoka kitabu cha mtaalamu Mjerumani Ludwig Traube, kilichoyapa maandishi hayo jina la Kilatini, *nomina sacra*, yaani majina matakatifu. Baada yake, Larry Hurtado, mtafiti wa Ukristo wa mwanzo, alitetea kwa kina hoja kwamba ufupisho huo ulikuwa tendo la heshima: msomaji aangushe jicho kwenye ukurasa na papo hapo aone kwamba hapa pametajwa jina lisilo sawa na mengine.

Wala hatuhitaji kwenda hadi Sinai kupata ushahidi. Mtazame msulubiwa ukutani: juu ya kichwa chake pameandikwa INRI, herufi nne za Kilatini zinazosimama badala ya Yesu Mnazareti Mfalme wa Wayahudi. Angalia kitambaa cha altare chenye IHS: hizo ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki, zilizoenezwa na mhubiri Bernardino wa Siena katika karne ya 15 na kuwekwa na Wajesuiti kwenye nembo yao. Ikoni za Waorthodoksi nazo huandikwa IC XC, Yesu Kristo. Na katika vitabu vyetu vya historia, wanafunzi wa Kiswahili husoma miaka ya KK na ya BK, Kabla ya Kristo na Baada ya Kristo. Hapo Kristo amefupishwa kuwa K moja tu, na vizazi vya walimu Wakristo vimefundisha hivyo ubaoni bila kuona kosa. Kama K haimdharau, X itamdharau vipi?

Dai la 4: X ni ile ya hesabu, kwa hiyo inamfanya Kristo kuwa "kitu kisichojulikana"

SI KWELI. Dai hili linaanguka kwa tarehe peke yake. Aliyeipa x umaarufu kama alama ya namba isiyojulikana ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637. Kufikia hapo Wakristo walikuwa wameitumia khi kwa jina la Kristo kwa zaidi ya miaka 1,400. Hesabu haikuwapo kuwafundisha. Tena X ya Xmas haijawahi kuwa fumbo kwa waliokuwa wakiiandika: kila mwanakili aliyeichora alijua anamtaja nani.

Dai la 5: X inasimama badala ya msalaba

NUSU KWELI. Wapo wanaoitetea Xmas kwa kusema kwamba X ni umbo la msalaba. Nia yao ni njema, ila asili ya kifupisho si hiyo. Asili yake ni jina, kama tulivyoona. Hata hivyo, Wakristo wa kwanza nao waliuona mfanano wa herufi hiyo na msalaba. Katikati ya karne ya 2, Yustino Mfiadini, akiwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Roma, alilitaja andiko la mwanafalsafa Plato kuhusu umbo la khi katika ulimwengu, akadai kwamba Plato alikuwa ameugusa msalaba bila kuuelewa. Kwa hiyo anayeona msalaba kwenye X hajapotea, mradi ajue kwamba jina ndilo lililotangulia.

Dai la 6: Jina la Kristo likikosekana katika neno, Kristo ameondolewa katika sikukuu

SI KWELI. Kama lingekuwa kweli, lingeanza kumhukumu yeyote anayesema Noeli. Neno hilo, ambalo ndugu zetu wa Kongo hulitumia sana na ambalo sote tunalijua katika nyimbo za majira haya, lilitoka kwenye Kifaransa, na mzizi wake unahusu kuzaliwa. Kristo hatajwi ndani yake, hata kwa herufi moja. Je, waumini wanaoimba Noeli usiku wa mkesha wamemsahau aliyezaliwa? Hakuna anayethubutu kusema hivyo.

Na kinyume chake pia kimetokea. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, lilifuta sherehe za Krismasi. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 atakayeiadhimisha, na sheria hiyo haikuondolewa hadi 1681. Watu hao hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo wakali waliosema sikukuu hiyo haimo katika Biblia na kwamba imejaa ulevi na mabaki ya upapa. Ndani ya sheria yao waliliandika jina la Krismasi kwa urefu wake wote, na bado waliipiga marufuku. Urefu wa neno haukuikinga sikukuu.

Dai la 7: Basi "Xmas" inafaa kuandikwa popote

SI KWELI. Kwamba jambo si dhambi haimaanishi linafaa kila mahali. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani huwaelekeza waandishi wasitumie kifupisho hiki. Ratiba ya ibada, kadi ya askofu na tangazo la misa ya mkesha vinapendeza zaidi vikiwa na Krismasi au Noeli kamili. Waislamu nao wana mjadala unaokaribiana na huu: wapo masheikh wanaosisitiza kwamba sala kwa Mtume iandikwe kamili badala ya S.A.W., kwa kuwa ni dua na dua yastahili kutolewa yote.

Lipo pia suala la dhamiri ya mwenzako. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba chakula chenyewe hakina kosa, lakini yuko tayari kuacha kula nyama kuliko kumkwaza ndugu yake. Ukijua mama yako mdogo huumia akiona "Xmas", mwandikie Krismasi. Hujapoteza kitu.

Na malalamiko kuhusu biashara yana ukweli wake. Mwaka 1954 C. S. Lewis, mmoja wa watetezi mashuhuri wa imani ya Kikristo katika karne iliyopita, alichapisha insha iliyotenganisha sikukuu mbili zinazogongana tarehe moja: ile ya pilikapilika za manunuzi, na ile ya ibada ya kuzaliwa kwa Kristo. Alichokilaumu ni pupa ya kununua na kuchoka. Pupa hiyo hustawi vilevile chini ya bango lililoandikwa Krismasi kwa herufi kubwa za dhahabu.

Hukumu

Kuandika "Xmas" si kumvunjia Kristo heshima. Ni kulitaja jina lake kwa njia ambayo Kanisa lenyewe liliianzisha, ikalindwa na wanakili na wamonaki, na ikawekwa kwenye altare na ikoni. Hakuna aya ya Biblia inayoikataza. Amri ya kutolitaja bure jina la Bwana inamgusa zaidi anayeapa uongo kwa jina hilo, au anayelitumia kujitajirisha, kuliko anayetuma salamu fupi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ujumbe ule ukikufikia tena Desemba hii, usiusambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole, kwamba X ni herufi ya kwanza ya Kristo. Na anayekutakia heri ya Xmas, mjibu kwa heri, usimkemee. Kama unataka Kristo awe na nafasi katika sikukuu yake, nenda kanisani, patana na uliyekosana naye, na hakikisha jirani asiye na kitu amekula siku hiyo. Hapo ndipo heshima ya jina hilo hupimwa.