Kifo cha Amy Winehouse: waliolaani, waliolinganisha na walioabudu



Amy Winehouse alikutwa amekufa nyumbani kwake Camden Square, London, Jumamosi tarehe 23 Julai 2011. Alikuwa na miaka 27. Miaka mingi imepita, lakini kila akifa mwanamuziki aliyesumbuliwa na pombe au unga, maneno ya wiki ile hurudiwa karibu yaleyale. Na sisi Waswahili tumo. Hebu tuyachambue.

Kwa wasiomfuatilia: alizaliwa Septemba 1983 kaskazini mwa London, katika familia ya Kiyahudi iliyopenda jazi. Albamu yake ya kwanza, Frank, ilitoka 2003. Ya pili, Back to Black, 2006. Februari 2008 alinyakua Grammy tano usiku mmoja bila kuwepo Los Angeles. Viza ilichelewa, ikabidi aimbe kwa setilaiti akiwa hapa London. Sauti yake ilikuwa nzito. Ukifumba macho ungedhani unamsikiliza mwanamama wa Kimarekani wa miaka ya sitini. Wakati huohuo magazeti ya udaku yalikuwa yakimwinda mlangoni, yampige picha amelewa, amekonda, hajijui.

Alipokufa, watu waligawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema: kajitakia. Ushahidi wao ulikuwa wimbo wake Rehab, unaohusu kukataa kwenda kutibiwa ulevi. Utani juu ya wimbo ule ulianza hata mazishi hayajafanyika. Kwetu nako tukachomoa methali, mchuma janga hula na wa kwao, tukadhani tumemaliza. Wengi walikuwa na hakika pia kwamba kauawa na madawa ya kulevya.

Uchunguzi wa kifo ulisema mengine. Ulifanywa Oktoba 2011, ukarudiwa Januari 2013 kwa kuwa ofisa wa mwanzo hakuwa na sifa za kisheria, na jibu likawa lilelile: pombe. Miligramu 416 katika kila mililita 100 za damu, wakati kikomo cha dereva Uingereza ni 80. Madawa haramu hayakuonekana mwilini. Lililo muhimu zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kunywa kwa takriban wiki tatu, akarudia siku chache kabla ya kufa. Daktari wake alimwona jioni ya kuamkia siku ile.

Hapa pana jambo la kitabibu ambalo wengi hatulijui. Mlevi akiacha kwa muda, mwili hupoteza ule uzoevu wa kustahimili. Akirudia na kunywa kipimo chake cha zamani, kipimo kilekile kinaweza kumuua. Kwa watumiaji wa heroini hatari hii ni kubwa zaidi. Juu ya hayo, kaka yake Alex alieleza mwaka 2013 kwamba Amy alidhoofishwa mno na bulimia, yale maradhi ya kula kisha kujitapisha. Kwa hiyo aliyekuwa akichekwa kwamba hataki kuacha, alikufa akiwa kwenye mapambano ya kuacha.

Kundi la pili lilikuwa la walinganishaji. Jumatano ya wiki ile, tarehe 20 Julai, Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika maeneo mawili ya kusini mwa Somalia. Ijumaa watu 77 waliuawa Norway. Basi ikaulizwa: mnamlilia mlevi mmoja, na hao je? Swali hili lilituuma sisi wa Afrika Mashariki, maana ukame ule ulifika mpaka kaskazini mwa Kenya, na baadaye ilikadiriwa kuwa Wasomali wapatao 260,000 walikufa, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kulalamika kwamba dunia ilichelewa ni haki kabisa. Lakini kumnyima binti wa watu kilio hakukumpelekea Msomali hata kibaba cha unga wa mahindi. Kwetu ukienda matangani kwa jirani, hakuna anayekusimamisha mlangoni akuulize mbona hukulia msiba wa mtaa wa pili.

Kundi la tatu ni waabudu. Walijaza maua na mishumaa pale Camden Square, na pamoja nayo chupa za pombe na sigara. Wakamtia katika orodha ya waliokufa na miaka 27: Hendrix, Joplin, Morrison, Cobain. Utadhani namba ile ni kudura. Desemba 2011 jarida la kitabibu BMJ lilichapisha utafiti wa wanamuziki 1,046: umri wa miaka 27 hauna hatari ya pekee, ila wanamuziki mashuhuri hufa zaidi ya watu wengine katika miaka yao ya ishirini na thelathini. Back to Black ikarudi namba moja Uingereza. Na mwezi mmoja tu nyuma, tarehe 18 Juni, mashabiki wa Belgrade walikuwa wamemzomea kwa kushindwa kuimba.

Makundi yote matatu yalikwepa kitu kimoja: ugonjwa. La kwanza liliuita dhambi, la pili likaona hauna uzito, la tatu likaufanya pambo la kipaji.

Sasa tujitazame. Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Dar na Unguja, kuna nyumba ngapi ambazo hazijaguswa na unga? Teja akifa, matangani tunasema alikuwa na homa, nje ya uwanja tunanong'ona kwamba bora kapumzika. Muhimbili walianza kutoa metadoni kwa watumiaji wa heroini Februari 2011, miezi mitano kabla ya Amy kufa. Malindi na Zanzibar zikafuata 2015. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa muda mrefu. Atadumu vipi nayo mtu ambaye nyumbani sahani yake imetengwa na jina lake ni mwizi?

Na sisi wa ughaibuni tusijione salama. Vijana wetu wanakunywa London, Toronto na Muscat, na wazee tunaficha ili habari zisifike nyumbani. Ukiwa na mwanao aliyeacha, usifunge daftari. Wiki za mwanzo ndizo za kuwa naye karibu. Na akirudia, kabla ya kumkemea, mwulize kanywa kiasi gani, usimwache alale peke yake, na ukimwona hazinduki au anapumua kwa shida ita gari la wagonjwa. Aibu itazungumzwa kesho, akiwa hai.

Naomba kuwasilisha.