Ukienda Kuona Nuru ya Kaskazini, Ogopa Wingu

Saa tisa alasiri, mwezi Desemba, taa za barabarani Tromsø zinawaka na watoto wanarudi kutoka shule gizani. Mji huu wa Norwe uko kilomita 350 hivi kaskazini ya Mzingo wa Aktiki; kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Giza hilo ndilo wageni wanalolifuata, ili waione nuru ya kaskazini.

Jua hurusha chembechembe zenye chaji, na sumaku ya dunia huzielekeza kwenye ncha. Zikigongana na oksijeni, kilomita mia na zaidi juu yetu, anga huwaka kijani. Juu zaidi huwa nyekundu. Mwanafizikia wa Norwe, Kristian Birkeland, aliuigiza mwanga huo maabarani kwa kupiga tufe la sumaku kwa miale ya umeme.

Wanaopanga safari hukesha wakitazama kipimo cha Kp cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kinachoanzia 0 hadi 9. Tromsø hata 2 yatosha. Adui ni wingu. Mkondo wa bahari wenye joto hauachi maji ya pwani hii yagande, lakini huleta mawingu na theluji nyevu. Kwa hiyo usiku mmoja ni bahati nasibu. Minne au mitano ndiyo mpango. Waongozaji huwapakia wageni kwenye basi dogo na kulikimbia wingu, pengine hadi mpakani mwa Finland. Wengine huchagua Abisko, Sweden, ambako milima huzuia mvua na anga huwa safi zaidi.

Februari na Machi zinafaa: giza bado lipo, na mchana unatosha kutembea. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam anahitaji viza ya Schengen, inayoombwa hadi miezi 6 kabla, pamoja na bima ya angalau yuro 30,000. Nguo ya ndani iwe ya sufu, maana pamba hushika jasho likageuka baridi. Betri ya simu iweke kwenye mfuko wa ndani.

Mara nyingi nuru huanza kama utepe mweupe, hafifu, na mgeni huupuuza akidhani ni lile wingu alilolikimbia jioni nzima. Elekeza kamera: ikionyesha kijani, usirudi garini. Wingu halichezi.