Virusi vya mihogo: bakteria za udongo zinaweza kusaidia wakulima wa Lubumbashi?

Pembezoni mwa mji wa Lubumbashi, jani la muhogo lililojikunja na kujaa madoa ya njano si jambo geni. Ni mozaiki, ugonjwa wa virusi ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mpaka sasa hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Mkulima anapata hasara mara mbili: sombe inapungua, na mizizi inabaki myembamba.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi, ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huo unaozesha mizizi chini ya udongo wakati majani yanaonekana karibu mazima, na mama wa shamba anashtuka siku ya kuvuna. Mwaka 2012 watafiti waliripoti virusi vyake Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2018 vikatangazwa kaskazini mwa Zambia, ng'ambo ya ziwa Moero. Haut-Katanga iko upande wa pili wa ziwa hilo.

Ndiyo sababu habari ya bakteria rafiki inastahili kusikilizwa. Kwenye udongo unaoshika mizizi wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, kama Bacillus na Pseudomonas. Hawa hawaui virusi. Wanachofanya ni kuustua mmea: mzizi unapowagusa, ishara inapanda hadi majani, na mmea unaandaa kinga yake kabla adui hajafika. Kazi hiyo ilithibitishwa mwaka 1991 na watafiti wa Uholanzi na wa Marekani, kila kundi kwa upande wake. Miaka mitano baadaye, katika Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, matango na tomati zilizopewa bakteria hizo zilipambana vizuri zaidi na virusi vya mozaiki ya tango. Nchini India, watafiti walizijaribu kwenye migomba dhidi ya virusi vinavyofanya majani yasimame kama kichaka, ugonjwa ambao Congo pia inaujua.

Lakini tusidanganyane. Kwenye shamba la wazi, matokeo yanabadilika kutoka msimu hadi msimu. Na neno kubwa ni "kabla". Tomati inaanza kwa mbegu, kwa hiyo bakteria inaweza kuwekwa kwenye mbegu au kwenye kitalu, mche ukiwa bado mzima. Muhogo hauna nafasi hiyo. Unapandwa kwa kijiti, na kijiti kilichokatwa kwenye mmea mgonjwa kinaingia shambani na virusi ndani yake. Hapo bakteria inafika nyumba ikiwa imekwisha kuibiwa.

Lubumbashi ina tatizo lingine ambalo India na Alabama hawana. Tangu mwaka 1911, moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba ulianguka kwenye ardhi ya mji, na bustani za Penga-Penga bado zina mzigo huo. Shaba nyingi inadhoofisha bakteria, rafiki na adui pamoja. Bakteria iliyozoea udongo wa mbali inaweza kufa hapa bila kufanya kazi. Kwa maoni yetu, utafutaji uanzie kwenye udongo wetu wenyewe, kwa zile ambazo tayari zinaishi na shaba. Kitivo cha kilimo cha UNILU, ambacho kimechunguza hata vichuguu vya mchwa vya eneo hili, na kituo cha INERA cha Kipopo ndio walio karibu na kazi hiyo.

Kwa hiyo muuzaji akikuletea chupa na kusema ni bakteria inayoponya mozaiki, muulize imejaribiwa kwenye muhogo gani na kwenye udongo wa wapi. Kabla ya kufungua mfuko wa pesa, kata vijiti kwenye mimea ambayo majani yake yalibaki mazima msimu mzima, na ng'oa mapema ile inayojikunja, maana nzi weupe wanabeba virusi kutoka mmea hadi mmea. Tafuta pia aina zinazostahimili mozaiki, kama ile ambayo wakulima wa Congo wameipa jina la Obama. Bakteria ukitaka kuijaribu, anza na kitalu cha tomati: nusu uipake, nusu uiache, kisha hesabu miche inayougua kila upande.