Gari la Zamani: Usidanganywe na Kibati!

Tuseme umevuka feri hadi Likoni kulitazama gari la zamani, Land Rover ya mwaka wa 1965. Rangi inang'aa, injini inanguruma, na mwenyewe anakuonyesha kibati chenye nambari ya chesisi. Je, utoe pesa? Hasha! Subiri kwanza.

Kibati hushikwa na ribiti chache tu. Mjanja mwenye drili anaweza kukibandua kwenye gari lililokufa na kukitia kwenye gari la wizi. Basi kichunguze. Ikiwa kibati kimechakaa lakini ribiti ni mpya, au pana mashimo yasiyo na kazi, uliza kwa nini.

Kisha inama. Nambari ya kutegemea ni ile iliyogongwa kwenye chuma. Katika Land Rover za aina hiyo, huwa mbele upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika springi. Safisha kwa brashi, weka karatasi juu yake, upitishe penseli. Nambari itajichora yenyewe. Ukiona alama za tupa au za kuchomelea, ingia shaka.

Ihesabu pia. Nambari ndefu za herufi na tarakimu 17 zilienea katika miaka ya 1980. Gari la 1965 likiwa nayo, kuna jambo.

Hata hivyo, usimhukumu kila mwuzaji. Hapa Pwani chumvi ya bahari hula chesisi, ilhali bodi ya Land Rover, ambayo sehemu kubwa ni aluminiamu, hudumu. Huenda fundi wa Kisauni au Changamwe alibadilisha chesisi kihalali. Mwuzaji mwaminifu atakuonyesha stakabadhi.

Mwisho, linganisha kibati, chuma na kitabu cha gari. Usitosheke na kitabu ulichopewa. Omba rekodi ya gari hilo kutoka NTSA, mamlaka iliyoundwa mwaka wa 2012.

Nambari iliyofutwa nayo haifi. Chuma hukandamizwa hata chini ya alama, na wataalamu wa uchunguzi huweza kuifichua kwa asidi. Siku hiyo gari litazuiliwa, maswali utaulizwa wewe, na karo ya watoto uliyonunulia haitarudi.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.